Jinsi Neema Alivyofunzwa Kusalimu

Mlangoni palikuwa na jozi ya akala za kiume, kubwa, zilizokatwa kwa tairi la lori, na ndani ya darasa hamkuwa na mwanamume hata mmoja. Swaleha aliziruka akaingia. Baadaye alipojisaili, na alijisaili sana, hakuweza kudai kwamba hakuziona. Jicho liliziona na mguu ukazikwepa. Alichokosa ni kujiuliza zilikuwa za nani, na zilifika pale kwa miguu ya nani.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na akili yake yote ilikuwa kwa Neema.

Neema hakuwa mtu. Alikuwa muuguzi wa kuchorwa, aliyeishi ndani ya miwani mizito ya uhalisia pepe. Mama mjamzito alipoivaa, kuta za darasa la shule ya Minjila zilitoweka, akajiona ameketi kando ya mto, na mbele yake mwanamke mwenye leso begani akipepesa macho, akimuuliza hali yake na kuyasikiliza majibu. Aliyetaja dalili ya hatari alipata alama nyekundu kwenye kompyuta ya Swaleha, na gari la mradi wao wa afya ya mama likampeleka kituo cha afya cha Garsen siku iyo hiyo akapimwe. Asiyetaja dalili alipata alama ya kijani, akarudi kwake kungoja tarehe yake ya kliniki. Gari lilikuwa moja, mpimaji mmoja, na akina mama wengi. Kazi ya Neema ilikuwa kumjua yule asiyeweza kungoja.

Maneno ya Neema aliyatunga Swaleha mwenyewe. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Ozi, binti wa wakulima wa mpunga, na alifanya kazi ya uuguzi kwa miaka saba kabla ya kwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano ya afya. Maswali yaliyoletwa kutoka Nairobi yalikuwa makavu: Je, unaumwa na kichwa? Je, miguu imevimba? Swaleha aliona aibu kuyasikia yakielekezwa kwa mama za watu, akayalainisha moja baada ya jingine. Kichwa chako hakijambo, mama? Macho nayo yana amani? Na miguu je? Jamal, fundi aliyemchora Neema huko Nairobi, aliyasoma akampigia simu. "Dada Swaleha, hapo sasa umemtia utu." Sifa hiyo ilikaa kifuani mwake wiki nzima.

Mtu wa mwisho kuivaa miwani Jumanne ile alikuwa Darmi, Muorma wa familia ya wafugaji wa Minjila aliyekuwa akiuza maziwa Garsen kila asubuhi. Mimba yake ilikuwa ya tatu na imetimiza miezi minane. Aliketi wima kwenye dawati dogo la mwanafunzi, nguo ndefu imemfunika hadi vidole vya miguu, na kila Neema alipouliza, yeye alijibu bila kusita.

"Amani. Amani. Amani tu."

Kompyuta ikaonyesha kijani. Darmi akaivua miwani, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta mlango wake.

"Huyu dada yenu ana haraka," alisema. "Kama ameacha ndama mtoni na mamba anamwangalia."

Wenzake waliokuwa wakingoja kurudi naye wakaangua kicheko. Swaleha naye akacheka, na katika daftari lake akaandika kwamba mshiriki ameyafurahia mazungumzo. Hata alipoinuka kumsindikiza, macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Darmi alizivaa akala zake mlangoni akaenda.

Jumatano Swaleha aliketi kuandika ripoti. Katika akina mama tisa wa familia za wakulima wa kando ya mto, wanne walikuwa wamepata nyekundu. Katika akina mama kumi na wanne wa familia za wafugaji, hakuna. Alizitazama tarakimu hizo kwa furaha ya mtafiti aliyeokota kitu njiani. Akaandika aya nzima kuhusu maziwa: kwamba huenda lishe ya maziwa tangu utotoni inawakinga wanawake wa Orma dhidi ya presha ya mimba, na kwamba jambo hilo linastahili uchunguzi. Ilikuwa aya nzuri. Aliisoma mara tatu.

Alhamisi asubuhi akaenda kununua maziwa.

Darmi alikuwa mahali pake pa kila siku, kando ya barabara ya Garsen, mitungi yake ya manjano imepangwa mbele, na pembeni jiko dogo la makaa lenye birika la chai kwa wateja aliowapenda. Swaleha alikuwa amekwisha kupimiwa lita yake alipofika mzee Godhana, jirani yake Darmi kule Minjila, fimbo mkononi, kanzu imepauka kwa vumbi. Kwa kuwa mjini watu wa kila kabila walikuwa wakisikiliza, walisalimiana kwa Kiswahili, Darmi akianza.

"Mmeamka na amani?"

"Amani."

"Nyumbani kuna amani?"

"Amani."

"Ng'ombe?"

"Amani."

"Majani huko yapo?"

"Yapo. Amani."

"Watoto, wazee, watu wote?"

"Wote amani."

Kisha mzee naye akaanza upande wake, akauliza yote hayo tena, na Darmi akajibu yote hayo tena. Swaleha alikuwa ameyasikia maneno haya tangu utotoni, kwenye kivuko na kwenye mnada wa mifugo, na siku zote aliyachukulia kuwa mapambo ya mazungumzo, kama maua yanayochorwa pembeni mwa barua. Alikuwa akitafuta sarafu mkobani. Mzee Godhana akaketi juu ya kreti ya soda. Darmi akammiminia chai. Mzee akanywa, akanyamaza, akanywa tena. Hakuna aliyemharakisha.

"Sasa nipe habari," Darmi akasema.

"Tumemzika ndugu yangu jana alasiri," mzee akajibu.

Mkono wa Swaleha ukasimama mkobani. Mtu huyu alikuwa na udongo wa kaburi kwenye pindo la kanzu yake, na alikuwa ameulizwa kuhusu watu wote wa nyumbani akajibu kuwa wote wana amani. Wala hakuwa amedanganya. Salamu ilikuwa mlango, na mtu hamwagi mzigo wake mlangoni. Huingia kwanza, akakaa, akapewa kitu cha kunywa, akaombwa habari. Hapo ndipo ukweli hutolewa, na hutolewa wote.

Swaleha aliinamisha macho kwa heshima ya msiba, na macho yalipoinama yakaangukia akala. Akala zile zile za kiume. Ndani yake mlikuwa na miguu ya Darmi, imevimba hadi vifundo vimepotea, na mikanda ya tairi imezama nyamani.

"Darmi," alisema, sauti imemtoka juu kuliko alivyotaka. "Hiyo miguu imeanza kuvimba lini?"

"Amani, daktari."

"Na kichwa? Kinauma?"

"Amani tu." Darmi akamtazama kwa mshangao wenye utani. "Mbona umesimama hivyo kama askari wa kanjo? Nimekosa leseni?"

Mzee Godhana akacheka kidogo ndani ya kikombe chake. Swaleha alijua miguu ile inaweza kuwa na maana gani katika mwezi wa nane, na alijua pia kwamba mwanamke huyu angeweza kuendelea kujibu amani mpaka aanguke kwa kifafa cha mimba hapo hapo kando ya mitungi yake. Alitaka kumkamata mkono na kumburuta. Badala yake akavuta kreti ya pili, akaketi.

"Darmi, mmeamka na amani?"

Darmi akainua nyusi, kisha uso wake ukabadilika, ukalainika. "Amani. Nyinyi mmeamka na amani?"

"Amani. Nyumbani kuna amani?"

"Amani."

"Ndama wana amani? Mumeo Dida, huko alikohamia na ng'ombe, ana amani?"

"Wote amani. Ozi je? Mama yako? Mpunga?"

"Amani," Swaleha alijibu, ijapokuwa mama yake alikuwa akiumwa goti wiki ya pili na viboko walikuwa wamelala ndani ya mpunga wao usiku wa Jumamosi. Alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka bila uongo.

Akapewa chai. Akanywa. Akanyamaza. Neema alikuwa amewekewa sekunde nne za kungoja jibu kabla ya kwenda swali linalofuata. Swaleha alihesabu nne, akahesabu kumi, akaacha kuhesabu. Pikipiki mbili zilipita. Mzee Godhana alitazama barabara kana kwamba hakuna jambo.

"Sasa nipe habari," Swaleha akasema.

Darmi akaweka kikombe chini.

"Kichwa kinauma tangu Jumapili. Kama kuna mtu amekaa ndani anapasua kuni. Hata nikilala, yeye anapasua. Na macho, naona vimulimuli mchana, jua likiwa juu. Viatu vyangu havinitoshi, hivi ni vya Dida. Na jana nimetapika mara mbili. Hiyo ndiyo habari."

"Mbona Jumanne hukumwambia Neema?"

"Aliniuliza nini?" Darmi alisema, na sasa hapakuwa na utani. "Yeye alikuwa anasalimu. Kichwa kina amani, macho yana amani, miguu ina amani. Mimi nikajibu salamu. Nikangoja amalize, akae, aniombe habari nimpe. Akasema asante mama, kwaheri. Nitamfukuza nyuma ndani ya miwani?"

Wanawake kumi na wanne walikuwa wamesalimiwa vizuri sana na wakarudishwa makwao bila kuulizwa. Ile lugha laini, ile ambayo Swaleha aliionea fahari, ndiyo iliyogeuza maswali ya hatari kuwa salamu. Lakini huo haukuwa wakati wa kujilaumu. Aliinuka, akapiga simu ili gari la mradi lije upesi.

"Maziwa yangu nani atauza?" Darmi akauliza. "Yataharibika yote."

Kuuza maziwa ni kazi ya wanawake, na mwanamume wa Orma aliyeonekana akipima lita barabarani angesimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mzee Godhana aliweka fimbo yake chini, akajivuta kwa kreti yake mpaka nyuma ya mitungi, akakishika kikombe cha kupimia.

"Nenda," alisema. "Leo mimi ndiye mama maziwa. Anayetaka kucheka anunue kwanza."

Kule kituo cha afya, afisa wa kliniki aitwaye Abdiaziz alimfunga Darmi kipimo cha presha mkononi, akatazama, akafunga tena mkono wa pili. Mia na sabini juu ya mia na kumi na mbili. Mkojo ulipopimwa ulikuwa na protini nyingi. Abdiaziz alimchoma sindano ya kuzuia kifafa, akamwekea dripu, akaita ambulansi ya kwenda hospitali kubwa, kwenye madaktari wa upasuaji.

"Nani aliyemgundua?" alimuuliza Swaleha wakati machela ikiingizwa garini.

"Akala," Swaleha alijibu, akapanda nyuma pamoja na Darmi.

Safari ile ilikuwa ndefu, na kila gari lilipoingia shimoni Swaleha alimtazama Darmi usoni kuona kama midomo inaanza kutetemeka. Darmi alikuwa amefumba macho. Alimshika Swaleha kidole kimoja tu, kile cha kati, akakishika vivyo hivyo hadi walipofika.

Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita, na Darmi yuko ndani kwa upasuaji, simu yake ilipolia mkononi mwa Swaleha. Ilikuwa sauti ya mwanamume, mbali, ikikatikakatika kwa upepo.

"Mimi Dida. Mna amani?"

Godhana alikuwa amemfikishia habari kwamba mkewe amechukuliwa. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na alijua. Hata hivyo alianza pale panapoanzwa.

"Amani," Swaleha alisema. "Wewe una amani?"

"Amani. Huko mliko kuna amani?"

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umefungwa, na taa nyekundu juu yake inawaka. Swaleha aliutazama. "Amani," akajibu, na hapo ndipo alipolielewa neno hilo kwa mara ya kwanza. Halikuwa taarifa. Mwanamume huyu na yeye walikuwa wameshikana, mmoja huku na mmoja kule, ili habari itakapokuja isimkute yeyote akiwa peke yake. Akamuuliza Dida kuhusu ng'ombe, na kuhusu majani. Dida akajibu yote. Kisha upepo tu ukasikika simuni, kwa muda.

"Sasa nipe habari, dada."

Naye akampa, yote, bila kupunguza: presha, kifafa kilichokuwa karibu, mtoto ambaye lazima atolewe kabla ya siku zake, madaktari ambao hawajatoka. Dida hakumkatiza.

"Umenipa habari vizuri," alisema mwishoni. "Nakuja."

Taa nyekundu ilizimika saa tisa kasorobo. Mtoto alikuwa msichana, kilo mbili na robo, mwenye kilio kikali kuliko umbo lake. Darmi alifumbua macho jioni ile, akauliza maziwa yaliuzwa kwa bei gani. Alipoambiwa kwamba Mzee Godhana aliyamaliza yote, na kwamba nusu ya Garsen ilikwenda kununua ili ikamtazame, alicheka mpaka mshono ukamwuma.

Siku ya nne Swaleha aliweka simu juu ya kitanda cha Darmi hospitalini, sauti ikiwa wazi, na Jamal upande wa pili, amekwisha kuelezwa jinsi Neema anavyopaswa kubadilishwa.

"Dakika mbili za salamu?" Jamal alilalamika. "Dada, watu watachoka. Halafu kimya kile, mashine itadhani mtu hakujibu."

"Huyo nani?" Darmi akauliza.

"Ndiye aliyemchora Neema."

"Ewe kijana!" Darmi akaiinamia simu, mtoto begani. "Mna amani huko?"

"Tuna... ndiyo, tuna amani, mama."

"Mama yako ana amani?"

"Anaendelea vizuri. Amani."

"Na kazi yako?"

"Amani."

Darmi akanyamaza. Alimweka mtoto vizuri, akamfuta mdomo, akaendelea kunyamaza. Swaleha aliuma mdomo asicheke. Pumzi ya Jamal ilisikika, kisha ikabadilika.

"Kusema kweli, mama," sauti ya Jamal ilikuwa imeshuka, "mama yangu amelazwa. Tangu wiki iliyopita. Sijamwambia mtu hapa kazini."

"Pole, mwanangu," Darmi akasema kwa upole. "Umeona sasa? Ningekuwa na haraka, ningeondoka na amani yako ya uongo."

Jamal hakubishana tena. Kwa wiki mbili walifanya kazi, Darmi akiwa nyumbani Minjila na mtoto kifuani, Swaleha akiandika, Jamal akituma picha mpya na kurudishiwa. Darmi hakuwa mwalimu wa kuridhika upesi. Alikataa Neema asimame. Mtu anayesimama anakwenda zake. Akataka awe na kikombe cha chai na anywe kweli, si kukishika kama pambo. Akataka aulize kuhusu ndama kabla ya kuuliza kuhusu mtu, kisha anyamaze, macho chini, kwa muda wa mtu kunywa nusu kikombe. Sauti iliyochaguliwa, kwa Kiswahili na kwa Kiorma, ilikuwa yake mwenyewe. Swaleha aliliandika jina la Darmi kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu, sambamba na la kwake; na ile aya ya maziwa aliifuta.

Waliwarudia wale akina mama kumi na watatu waliobaki, katika darasa lile lile. Dida alikuwepo nje, amemchukua binti yake mikononi, akimwambia kila aliyepita kwamba mwenye kuzungumza ndani ya miwani ni mke wake. Alikuwa amevaa viatu vipya. Akala alikuwa amemwachia Darmi, ingawa miguu yake ilikuwa imerudi ilivyokuwa, kwa sababu mkewe alisema amezizoea. Wa kwanza kuivaa miwani alisikia sauti aliyoijua, akacheka, akajibu salamu hadi mwisho, akanyamaza pamoja na Neema, na alipoombwa habari akazungumza kwa dakika kumi na moja. Swaleha alisimama kando ya Darmi akisikiliza. Hakuwahi kuandika kitu kizuri kama kimya kile, na hakuwa yeye aliyekiandika.

Watatu kati ya wale kumi na watatu walipata alama nyekundu, wakapelekwa Garsen siku iyo hiyo, wakatibiwa. Tangu mwezi ule Neema haandiki jibu lolote mpaka salamu ziishe na habari iombwe. Swaleha naye, kabla ya kuingia darasani, hutazama viatu vilivyo mlangoni.